Siku ya kusomewa adhabu
Jana nimeshinda mahakamani, yule jamaa aliyemchoma kisu binamu yangu alikuwa anapewa adhabu yake. Mi nilijua jaji anataja tu miaka tunaondoka, kumbe wapi! Kwanza wakili wake kasimama kumuombea apunguziwe, eti bado kijana, kosa lake la kwanza, amekiri mapema hajaisumbua mahakama (nilitamani kucheka), afu waendesha mashtaka nao wakaja na yao, kwamba kisu alitoka nacho kwake kabisa, sio hasira za ghafla, na alichoma tena mtu akiwa ashaanguka chini. Hapo kwenye kisu jaji akaacha kuandika akamwangalia yule jamaa. Kala miaka 12, ila mwaka aliokaa rumande unatolewa humo. Binamu kimya, anajipapasa tu kovu.