Nilivyoitafuta Hantkenina Katika Udongo wa Kilwa

Nilipokabidhiwa vipande vya udongo mgumu wa kijivu vilivyochorongwa kusini, upande wa Kilwa, kazi niliyopewa ilikuwa moja: kutafuta ni katika kina gani jenasi (kundi la spishi za jamaa) ya Hantkenina inakoma kuonekana. Hantkenina ni miongoni mwa foraminifera, viumbe wa seli moja wanaoishi baharini na kujijengea magamba, na wanajiolojia hutumia kutoweka kwake, miaka milioni 33.9 iliyopita, kuweka mpaka kati ya Eosini na Oligosini, vipindi viwili vinavyofuatana vya historia ya dunia. Karibu na mpaka huo dunia ilitoka katika joto la muda mrefu na kuingia katika hali ambayo Antaktika ilifunikwa na barafu kubwa ya kudumu.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo, niliyoifanya katika maabara hapa Dar es Salaam, ilikuwa kuosha tope. Nilikausha kila kipande kwa joto la chini, nikakivunja kwa mkono, nikakiloweka kwenye maji yenye haidrojeni peroksidi kidogo hadi kikaanza kujiachia, kisha nikakimimina juu ya chekeche yenye matundu ya mikroni 63. Udongo laini hupita na maji, magamba hubaki juu. Fundi wa maabara, mzee aliyeifanya kazi hiyo tangu mimi sijazaliwa, alisimama nyuma yangu na kunionya: "Usisugue, mwanangu, acha maji yafanye kazi." Nilimwitikia, "Sawa, mzee," na nikaelewa sababu mara tu nilipotazama kwenye hadubini, kwa kuwa Hantkenina ana mwiba mrefu katika kila chumba cha gamba lake, na miiba hiyo huvunjika kabla ya kitu kingine chochote. Maji nayo yalihitaji uangalifu. Ya kisima, ambayo mitaa mingi ya jiji hili huyategemea, yana chumvi inayoganda juu ya magamba yakikauka, kwa hiyo suuza ya mwisho niliifanya kwa maji yaliyotoneshwa. Wakati wa masika, unyevu wa hewa ulinilazimu kuhifadhi magamba yaliyokwisha kukauka ndani ya vichupa vilivyofungwa vizuri.

Kuchambua kulinipendeza zaidi. Unatandaza chembe kwenye trei nyeusi, unalowesha ncha ya brashi ndogo kabisa ya mchoraji, unagusa gamba moja na kulihamisha kwenye slaidi. Kwa kuwa miiba ya Hantkenina huvunjika, niliuhesabu hata mwiba uliobaki peke yake kuwa ushahidi kwamba alikuwepo, lakini gamba moja pweke, lililochakaa, katika tabaka la juu sikulipa uzito, kwa sababu mikondo ya bahari huweza kuchimbua tope la zamani na kulitandaza upya juu ya jipya. Sikumtegemea Hantkenina peke yake. Foraminifera wengine, Turborotalia cerroazulensis na jamaa zake, hutoweka muda mfupi kabla yake, na Pseudohastigerina, ambaye hupita mpaka akiwa hai, hupungua ukubwa karibu na hapo. Dalili hizo tatu zikifuatana kwa mpangilio unaotarajiwa, mtu anaweza kuuamini mpaka aliouchora.

Udongo wa Kilwa una sifa ambayo wageni wameiona kabla ya wengi wetu. Ni wa mfinyanzi, haupitishi maji kwa urahisi, na haukuzikwa kwa kina kikubwa, hivyo magamba yake hayakuyeyuka na kujijenga upya. Chini ya hadubini huonekana angavu kama vipande vya kioo, ilhali mengi ya umri huohuo kutoka sakafu ya bahari kuu huwa meupe na hayapitishi mwanga. Tofauti hiyo iliwahi kupotosha sayansi. Vipimo vya magamba yaliyobadilika vilidai kwamba bahari za tropiki za Eosini zilikuwa na nyuzi 15 hadi 23 tu za Selsiasi, wakati ncha za dunia zilikuwa na joto. Mwaka 2001, mtafiti Paul Pearson na wenzake, wakitumia magamba yaliyohifadhika vizuri, yakiwemo ya Tanzania, walionyesha kwamba joto lilikuwa angalau nyuzi 28 hadi 32. Uchorongaji uliofuata huku kusini ulifanywa kwa ushirikiano na TPDC, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, ambako Joyce Singano alikuwa mtaalamu wa visukuku hivi. Nakiri kwamba hilo lilinipa moyo kuliko kitabu chochote cha darasani.

Joto lenyewe sikulipima mimi, kwa kuwa linahitaji spektromita ya masi, mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake, ila ilinibidi nielewe linavyosomwa ili nijue magamba gani ya kuchagua. Gamba lililojengwa katika maji baridi huwa na oksijeni-18, aina nzito ya oksijeni, nyingi zaidi. Tena barafu inapokua nchi kavu huchukua zaidi oksijeni-16 iliyo nyepesi, na bahari hubaki na ile nzito. Kipimo kimoja hivyo hubeba mambo mawili, joto na barafu, na ndiyo maana watafiti hupima pia uwiano wa magnesiamu na kalsiamu ili kuyatenganisha. Katika matabaka ya Tanzania, oksijeni-18 hupanda kwa hatua mbili, na Hantkenina hutoweka katikati ya hatua hizo. Boroni, elementi iliyomo kwa kiasi kidogo katika magamba hayahaya, ilitumiwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, kukadiria kaboni dioksidi ya hewani wakati barafu ya Antaktika ilipokua.

Katika sampuli zangu, miiba ilikuwa mingi chini, ikapungua, kisha ikakoma, na Turborotalia alikuwa amekwisha kutoweka katika kipande kilicho chini ya hapo. Pseudohastigerina walioendelea juu ya mpaka walikuwa wadogo kiasi kwamba nilirudi kuchambua chembe laini zaidi, ambazo kwa kawaida huwekwa kando, ili nisiwakose.