Kidonda Chenye Umri: Siku Moja Maishani Mwangu Nyuma ya Jukwaa

Niliamka saa 11 alfajiri, kabla ya adhana ya msikiti wa mtaani kwetu Mwananyamala, kwa sababu usiku sikuwa nimelala vizuri kwa kuziwaza kalibu tatu nilizozijaza silikoni, ute mzito unaoganda ukawa kama ngozi ya bandia, kabla ya kuzima taa. Nilizifungua moja baada ya nyingine pale pale mezani, nikiwa bado na kanga ya kulalia. Ya kwanza ilitoka salama, ya pili ilitoka salama, na ya tatu, ambayo ndiyo iliyobeba uvimbe wa jicho, niliibandua polepole huku nikiipaka poda kila inapoachia, kwa kuwa kingo zake ni nyembamba kama ule utando unaokaa katikati ya maganda ya kitunguu, na zikijikunja zikashikana hakuna namna ya kuzinyoosha tena.

Kazi yangu ni kutengeneza majeraha, makovu na sura za kubuni kwa ajili ya jukwaa. Kwa miezi hii ninafanya kazi na msanii mmoja wa Bongo Fleva ambaye onyesho lake la saa moja na nusu linamfuata bondia wa Manzese kuanzia usiku aliopigwa hadi siku anapopita mtaani akiwa mtu mwingine. Hakuna wimbo hata mmoja katika onyesho hilo unaosema kwamba alipigwa. Nyimbo zinazungumzia mama yake, deni, mapenzi na barabara, na sehemu ile ya hadithi ambayo maneno yameiacha inasemwa na uso. Uso huo ndio dhamana yangu, na ninauchukulia kwa uzito uleule ambao mpiga gitaa anauchukulia wimbo.

Wasiwasi wangu wa alfajiri una historia. Mwaka wa kwanza wa kazi hii niliwahi kuharibu vipande vyote vya onyesho zima kwa sababu nilivaa glavu za mpira wa kawaida nilipokuwa nikichanganya silikoni. Aina ninayoitumia hugandishwa kwa platinamu, na platinamu hiyo huzimwa nguvu na mpira na salfa, hivyo silikoni ikigusana navyo hubaki inanata kama ute wa bamia hata ukiisubiri wiki nzima. Tangu siku ile navaa glavu za nitrili peke yake, na udongo wa kufinyangia ninaununua ule usio na salfa, hata kama bei yake ni kubwa zaidi.

Saa 1 asubuhi nilivipanga vipande ndani ya sanduku, kila kimoja juu ya sura ya plasta ya msanii. Sura hiyo tuliichukua mwezi uliopita kwa alijineti, ile poda ambayo madaktari wa meno huikoroga na maji ili kuchukua alama za meno, tukaifunika kwa bendeji za plasta zilezile za kufungia mfupa uliovunjika, naye akakaa dakika 20 akipumua kwa matundu ya pua tu. Bila sura hiyo kila kipande kingekuwa cha kubahatisha, na kipande cha kubahatisha huachia pale mtu anapoanza kuimba.

Saa 3 nilikuwa uwanjani nikizungumza na fundi wa taa, na mazungumzo hayo yalichukua muda mrefu kuliko nilivyopanga, ila siyajutii. Taa nyekundu huimeza damu: ukimwangazia mtu mwenye damu usoni kwa mwanga mwekundu mtupu, damu hupauka na kupotea kana kwamba amenawa. Taa ya buluu nayo huigeuza damu ikawa nyeusi kama wino. Fundi alikuwa amepanga jukwaa zima liwe jekundu katika wimbo wa kwanza, kwa kuwa kwake wekundu ndio ugomvi. Nilimwomba aje akae kwenye viti vya watazamaji, nikajipaka mstari wa damu kwenye mkono, nikamwomba kijana wake awashe taa hizo. Aliutazama mkono wangu akanyamaza, kisha akasema, “Dada, nimekuelewa. Nitamwachia mwanga wa kawaida usoni, wekundu ubaki nyuma.”

Suala la pili lilikuwa skrini. Mtu aliyesimama mita 40 kutoka jukwaani hawezi kuona mshono kwenye paji la uso, lakini kamera ikimsogelea msanii, uso huohuo unakuwa na urefu wa mtu mzima mara tatu, na kila ukingo uliobandikwa vibaya unaonekana. Kwa hiyo uso mmoja unatazamwa na watu wa aina mbili kwa wakati mmoja. Kwa wale wa mbali natumia umbo, yaani uvimbe unaobadilisha kivuli cha uso, na kwa wale wa skrini natumia vinyweleo, unyevunyevu na rangi.

Mchana, kama saa 7, tulikula wali na maharage pamoja na msaidizi wangu, binti wa miaka 22 mwenye mkono mwepesi na maswali mengi. Aliniuliza kwa nini tusimfunge msanii bendeji uso mzima kama alivyofanya mwimbaji The Weeknd. Nilimweleza kwamba bendeji zile hazikuja siku ya kwanza. Abel Tesfaye, ndilo jina lake halisi, yule kijana wa Toronto aliyezaliwa na wazazi wa Ethiopia, alitoa albamu ya After Hours mwezi Machi 2020, na katika kipindi chake chote alimvalisha mhusika mmoja koti jekundu na kumwacha apite kwenye maumivu hatua kwa hatua. Kwanza ilikuwa pua iliyopasuka na damu usoni, kisha Novemba 2020 akatokea kwenye tuzo za American Music Awards kichwa kizima kikiwa kimefungwa bendeji, na Januari 2021, katika video ya Save Your Tears, bendeji hazikuwapo tena na badala yake tukaona mashavu na midomo iliyovimba kama ya mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kujirembesha uliopita kiasi. Mwezi uliofuata, kwenye Super Bowl, ile fainali ya futiboli ya Kimarekani, huko Tampa, alisimama na uso wake mwenyewe ukiwa safi, na bendeji zikahamia kwa wachezaji waliomzunguka. Mtu aliyekutana na bendeji zile peke yake aliona kituko, ila aliyefuatilia tangu mwanzo aliona mtu akibadilishwa na umaarufu hadi sura yake ikawa si yake. Hilo ndilo ninalolipenda katika kazi ile: jeraha lilikuwa na jana na kesho.

Nilimkumbusha pia kwamba jambo hili si geni kwetu. Bibi yangu mzaa mama ni Mmakonde wa Newala, naye alinisimulia tangu nikiwa mdogo jinsi wanawake na watoto walivyokimbia pale mapiko, yaani wachezaji waliovaa vinyago, yalipoingia uwanjani wakati wa sherehe za jando. Kinyago cha lipiko huvaliwa kichwani kama kofia, kinabandikwa nywele za binadamu, na chale za usoni hufinyangwa kwa nta ya nyuki ili ziinuke kama chale za kweli. Nta ile na silikoni yangu zinafanya kazi moja.

Saa 9 alasiri msanii aliketi kitini. Gundi ilikuwa imekwisha kujaribiwa nyuma ya sikio lake tangu jana, na baada ya saa 24 ngozi haikuwa na wekundu wala muwasho, jambo ambalo silivuki kwa mtu yeyote, awe na haraka kiasi gani. Nilimfuta uso kwa spiriti kuondoa mafuta, nikapaka gundi, nikasubiri weupe wake ugeuke uangavu, kisha nikabandika uvimbe wa jicho nikianzia katikati na kusambaza kuelekea kingo. Sikuruhusu kipande chochote kifike kwenye pembe ya mdomo, kwa kuwa mdomo wa mwimbaji haupaswi kubeba kitu. Jicho nalo niliacha upenyo wa kutosha aone ukingo wa jukwaa.

Kisha ikaja rangi, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Visanduku vya rangi za majeraha vinavyouzwa duniani vimetengenezwa kwa kufikiria ngozi nyeupe, vikiwa na wekundu, zambarau, kijani na manjano vilivyopangwa kana kwamba kila mwili wa binadamu ukivilia damu hupitia rangi hizo mbele ya macho ya watu. Kwenye ngozi yetu nyeusi mambo si hivyo. Wekundu wa mwanzo hauonekani, zambarau huwa ni weusi mzito zaidi ya ngozi inayouzunguka, na manjano ya mwishoni hujitokeza kama hudhurungi iliyopauka. Miaka yangu ya kwanza nilipaka zambarau ya kwenye kisanduku juu ya mashavu ya watu weusi, na ilionekana kama rangi iliyopakwa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Aliyenifundisha vizuri zaidi ni mzee mmoja wa Manzese ambaye alipigana ngumi ujanani na sasa anafundisha vijana. Nilipomwendea mara ya kwanza na picha zangu alizitazama, akazirudisha. “Mwanangu,” aliniambia, “jicho la mtu mweusi huambiwi na rangi. Unaambiwa na ngozi ilivyovutika. Siku ya kwanza inang’aa kama zambarau iliyoiva, ile ya kula. Siku ya tatu mng’ao unakufa, inakuwa nzito. Ikianza kukunjamana, ujue anapona.” Tangu hapo nimeacha kuhesabu siku za kidonda kwa rangi na ninazihesabu kwa mng’ao. Kwa uso wa usiku wa pambano nilipaka weusi wenye wekundu kidogo sana kwa chini, kisha juu ya uvimbe nikapitisha tabaka jembamba la kitu cha kung’arisha, hadi ngozi ikaonekana imevutika mpaka mwisho wake. Wekundu halisi niliuweka mahali pamoja tu, ndani ya mpasuko ulio juu kidogo ya unyusi wa kushoto, kwa kuwa nyama ya ndani ni nyekundu kwa watu wote.

Damu niliipika mwenyewe kwa sharubati nzito ya glukosi, rangi nyekundu ya chakula, tone moja la buluu na kakao kidogo ya kuifubaza. Inaweza kuingia mdomoni bila madhara.

Onyesho lilianza saa 2 usiku. Hadithi yetu inaanza pale kidonda kilipo kikubwa kwa sababu ya kiufundi ambayo baadaye iligeuka kuwa nguvu yake: kuvua kipande ni haraka kuliko kukivisha, na nafasi ninazopewa kati ya sehemu na sehemu ni dakika 4, dakika 6, na ya mwisho ni sekunde 90. Hivyo kila anaporudi jukwaani amepungukiwa na kitu usoni, na huko kupungukiwa ndiko kupona kwenyewe.

Joto la Dar es Salaam halikutuonea huruma. Aliporudi nyuma ya jukwaa mara ya kwanza, niliona chini ya jicho pameinuka kama lengelenge, jasho likiwa limejikusanya kati ya ngozi na silikoni. Msaidizi wangu alimshikilia kidevu, nami nikachoma tundu moja kwa sindano kwenye ukingo wa chini, nikaminya kwa kitambaa, na jasho likashuka shavuni kama chozi. Nilifuta mng’ao wote kwa poda isiyo na rangi, nikakausha damu kwa hudhurungi, nikabandika nyuzi tatu za mshono. Siku tatu zilikuwa zimepita katika maisha ya bondia, nasi tulikuwa tumetumia dakika tatu na nusu.

Katika nafasi ya pili niliupitishia uvimbe brashi yenye mafuta ya kuyeyushia gundi hadi ukaachia wote, nikaacha ngozi yake mwenyewe na kivuli kilichofifia. Katika zile sekunde 90 za mwisho nilifuta uso wote na kubandika kovu, kibandiko kilicho tayari ambacho hushika kwa maji kama zile picha za kwenye bazoka. Kamera ilimsogelea alipokuwa akiimba ule wimbo wa barabara. Kovu likajaa skrini nzima, na watu wa mbele, ambao walikuwa wakipiga kelele tangu saa 2, walitulia.

Saa 5 usiku mzee wa Manzese alikuja chumbani kwetu kutoa hongera. Nilikuwa nimeanza kuloweka taulo katika maji ya moto, lakini msanii aliomba nimwachie kovu kwanza, alitaka mzee alione kwa karibu. “Shikamoo, mzee,” alisema, akamsogezea uso. Mzee aliitikia, akamwinua kidevu chini ya balbu, akaligusa kovu kwa kidole gumba.

“Jicho ulipatia,” aliniambia. “Kovu bado. Umeliweka juu ya nyusi, nyusi zimebaki nzima. La bondia linazipasua katikati, na pale lilipopita nywele hazioti tena.” Akainamisha kichwa, akanionyesha unyusi wake wa kushoto, uliokatika vipande viwili kwa upana wa punje ya mchele.

Nilipima pengo lile kwa rula yangu ndogo, nikaliandika daftarini: milimita 4, limeinamia nje. Kisha nilimgeukia msanii nikamweleza kwamba kwa onyesho la Jumamosi itabidi nimnyoe sehemu ya unyusi, na kwamba nywele zitachukua wiki kadhaa kuota tena.

Alikaa kitini. “Nyoa sasa hivi, dada,” alisema, “mzee akiwa bado yupo.”