Bwana Yupi? Tafakari ya Warumi 10:9–13

Wapendwa katika Bwana, Zaburi 110 inaposomwa ibadani, "Neno la BWANA kwa Bwana wangu," msomaji mwenye Biblia mkononi huziona herufi kubwa na kutambua kwamba hapo Kiebrania kina lile Jina la Mungu la herufi nne, YHWH, ila aliyeketi benchi la nyuma husikia bwana na bwana tu. Kigiriki cha Mathayo 22:44, Yesu anapoinukuu zaburi hiyo, nacho ni hivyo hivyo, Kyrios na Kyrios, yaani "Bwana" na "Bwana", wala hakuna nakala ya kale ya Kigiriki ya Agano Jipya iliyotufikia ikiwa na herufi hizo nne.

Anayelitafsiri Agano Jipya kwa Kiebrania hawezi kuliacha jambo hili lilivyo, kwa maana kila penye Kyrios hana budi kuamua ni Bwana yupi. Franz Delitzsch wa Leipzig, aliyetoa Waraka kwa Warumi kwa Kiebrania mwaka 1870 na Agano Jipya zima mwaka 1877, aliliandika Jina lenyewe pale mitume wanaponukuu Torati, Manabii na Zaburi. Zamani zaidi, katika karne ya 14, Myahudi wa Hispania, Shem Tov ibn Shaprut, aliiweka Injili ya Mathayo kwa Kiebrania ndani ya kitabu chake cha kuwajibu Wakristo, na penye Jina akaandika herufi moja tu, he, kifupisho cha "HaShem", yaani "lile Jina". Hunigusa sana kwamba hata katika andiko alilokusudia kulikanusha, Jina alilishika kwa kicho.

Katika Zaburi 110 faida ya kuliandika Jina ni dhahiri, kwa kuwa anayesema na anayeambiwa hawachanganyiki tena. Warumi 10 ndipo ninapositasita. Katika mstari wa 9 Paulo anataka tumkiri Yesu kuwa ni Bwana, katika wa 12 anasema kwamba "yeye yule ni Bwana wa wote," na katika wa 13 anamnukuu Yoeli, "Kila atakayeliitia Jina la Bwana ataokoka." Kwa Kigiriki neno ni moja mahali pote, na hoja yake nzima inaning'inia kwenye neno hilo. Mtafsiri akiandika adon, neno la kawaida la Kiebrania la "bwana", katika mstari wa 9, na katika wa 13 herufi nne kama zilivyo kwa Yoeli, amekuwa mwaminifu kwa nabii, lakini uzi wa mtume umekatika machoni pa msomaji.

Hata hivyo Myahudi akizifikia herufi hizo nne hazitamki jinsi zilivyoandikwa. Kinywa chake husema "Adonai", neno la ukoo mmoja na adon. Kwa hiyo mstari wa 13 ukisomwa kwa sauti, sikio hupokea karibu neno lile lile lililosikika katika mstari wa 9.