Krismasi kwetu nyama si shida, chai ndo inakula pesa

Ikifika Novemba mwisho kuna watu wananiuliza nyumbani kwangu nafanyaje mpaka navuka Krismasi bila kukopa, na jibu langu huwa haliwafurahishi manake wote wanataka niwaambie nyama inapatikana wapi bei rahisi. Nyama si shida jamani. Mi nina daftari la jikoni, naandika kila kinachoingia kuanzia shule zikifungwa mpaka mwaka mpya uishe makelele yake, na daftari linasema kitu kilekile kila mwaka, kinachovunja bajeti si kuku wala ng'ombe, ni chai. Chai na jamaa zake wote, sukari, maziwa, mkate, Blue Band, mayai, alafu na makaa ya kuichemshia.

Tunakaa Kireka, pembeni ya Kampala, Uganda. Mzee wangu, mume wangu yaani, kwao Tororo, mi nimekulia kambini Jinja, baba alikuwa mwanajeshi, kwa hivo nyumbani ni Kiswahili, Luganda ni ya sokoni na ya majirani. Mwaka ambao hatuendi kijijini basi kijiji kinakuja kwetu. Mama mkwe, wifi yangu na watoto wake, shemeji mmoja ambaye hasemi anaondoka lini, ukijumlisha na sisi wenyewe tunafika watu kumi na moja na kupita.

Sasa angalia watu wanavyopanga. Wanakaa chini wanapanga tarehe 25. Pilau, kuku, matoke, nyama ya kuchoma, soda, wanapiga hesabu mpaka ya kitunguu cha mwisho. Tarehe 25 ni chakula cha mchana kimoja tu! Wageni wamekuja tangu tarehe 20, watoto hata kabla manake shule zinafungwa mapema Desemba, na hawaondoki mpaka nauli za basi zishuke Januari. Hapo katikati kuna karibu wiki mbili za asubuhi, na kila asubuhi watu kumi na moja wanaamka wanataka chai, na saa kumi jioni wanaitaka tena.

Piga hesabu na mimi. Kijiko cha chai kilichojaa sukari ni kama gramu 5. Mtu wa kwetu anaweka vitatu, anakunywa vikombe viwili, hiyo ni gramu 30. Mara watu 11 ni gramu 330, na hiyo ni asubuhi peke yake, ukiongeza jioni umemaliza zaidi ya nusu kilo kwa siku. Wiki mbili ni kilo tisa hivi, na hapo sijahesabu jirani aliyekuja kusalimia. Lakini sukari bado ni afadhali. Njoo kwenye mkate. Mikate miwili mikubwa kwa siku, kila mmoja shilingi elfu tano na zaidi kidogo, weka wiki mbili, umepita 140,000. Jogoo wa kienyeji mzuri mwaka jana nilimpata 45,000. Yaani mkate peke yake, ule wa kuchovya tu kwenye chai, ni majogoo watatu, na mtu aliyekula mkate saa mbili saa nne anauliza tunapika nini.

Ndo nikaamua mkate nyumbani kwangu Desemba unaingia siku mbili tu, tarehe 25 na tarehe 1 ya mwaka mpya. Siku zingine asubuhi ni katogo. Matoke yanamenywa jioni yanalowekwa kwenye maji yasiwe meusi, asubuhi yanaingia sufuria moja na matumbo yaliyochemshwa tangu jana, au na maharage, au na njugu za kusaga, nyanya, kitunguu, chumvi, unafunika na majani ya mgomba kama unayo, basi. Mtu akila hiyo hakuulizi kitu mpaka saa nane. Na maharage Desemba ndo wakati wake, mvua za pili zimeisha, watu wa mashamba wanavuna, sokoni yanakuja mapya yale yanaiva haraka hayamalizi makaa. Siku katogo imechosha tunachemsha mihogo au viazi vitamu, na mayai kwa watoto, si kwa kila mtu.

Na sukari naweka mwenyewe ndani ya sufuria. Hii ndo imeleta maneno. Nachemsha maziwa, majani, tangawizi, napima sukari kwa kikombe kile cha plastiki cha kijani, nakoroga, naonja, naleta mezani ikiwa tayari. Bakuli la sukari halitoki kabatini. Siku ya kwanza wifi akaangalia meza yote, akaangalia tena.

"Wifi, sukari iko wapi?"

"Iko ndani ya chai wifi."

Akaonja, akanyamaza. Mama mkwe akacheka mpaka akaweka kikombe chini, akasema hata yeye akilea watoto wake alifanya hivohivo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena, manake mama akishasema imeisha. Mtu mwenye kisukari au asiyetaka sukari namchotea yake kabla, hiyo si kazi.

Vitu vikavu nanunua Novemba, hapo sina siri yoyote kila mtu anajua, shida ni kwamba watu wanajua na hawaendi. Tunaenda Kikuubo, kwenye maduka ya jumla mjini Kampala, na jirani zangu wawili, tunachukua gunia la sukari, gunia la mchele, jerikeni ya mafuta ya lita 20, tunagawana. Ukienda peke yako Kikuubo kununua kilo tano umepoteza nauli na kukanyagwa bure, bei ya jumla ni ya gunia. Tunarudi na teksi, si boda, manake boda mbili za mizigo zinakula faida yote uliyoipata. Kugawa mafuta ndo shughuli, tunakaa barazani kwangu na mpare wa plastiki na chupa za maji za lita moja na nusu zilizooshwa zikakauka kabisa, mmoja anashika jerikeni, mmoja anashika chupa, wa tatu anaangalia mstari, na hapo utajua tabia ya jirani yako vizuri, kuna ambaye akimiminiwa anasema ongeza kidogo povu hilo, povu gani kwenye mafuta?

Vitu vibichi ni hesabu nyingine. Nyanya tarehe 23 na 24 zinapanda kila saa, asubuhi bei hii mchana bei nyingine. Mi nachukua wiki moja kabla, zile ambazo bado ngumu zina kijani, natandaza chini ya kitanda cha watoto juu ya magazeti zinaiva zenyewe. Matoke mkungu mzima siku mbili tatu kabla. Na usisahau kwamba wauzaji wenyewe ni watu, wana kwao, tarehe 24 jioni wanapanda magari, ukienda sokoni Kireka tarehe 26 unakuta meza tupu na mama mmoja wawili waliobaki na bei zao. Kwa hivo mboga za tarehe 26 mpaka 28 nanunua pamoja na za Krismasi. Kabichi, karoti, vitunguu, hizo zinakaa.

Nyama sasa, kwa sababu najua ndo mlichokuja kusoma. Sisi kwetu mtaani ni ng'ombe wa kikundi. Tunaanza Februari, kila mtu anatoa kidogo kila wiki, mweka hazina ni mama mmoja mkali ambaye hata ukimwambia mtoto anaumwa anakuuliza anaumwa mpaka wiki ijayo? Pesa ikifika Oktoba au Novemba wanaume wawili wanaenda mnadani huko ndani kununua ng'ombe kabla bei haijapanda, anawekwa kwa mtu mwenye malisho. Mwaka 2024 ilikuwa ngumu manake ugonjwa wa miguu na midomo ulifunga masoko ya mifugo wilaya nyingi, lakini pesa ilikuwepo na muda ulikuwepo, ndo faida ya kutongoja Desemba.

Tarehe 24 alfajiri anachinjwa. Nyama inapangwa mafungu juu ya majani ya mgomba, na si kila mtu apate kilo tu, hapana, kila fungu lazima liwe na mfupa wake, steki yake, kipande cha ini, matumbo yake, hata ini linakatwa vipande vidogo vidogo mpaka vinatosha. Alafu mnapiga kura kwa vikaratasi, na aliyekata na kupanga anachukua la mwisho. Hapo ndo utaona mafungu yanapangwa kwa haki! Matumbo yale ndo yanaenda kwenye katogo, kwa hivo nyama ya Krismasi kwangu inalisha asubuhi pia.

Wageni wakileta kuku kutoka kijijini, na huwa wanaleta, kamefungwa miguu kanachungulia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, mi sikaweki kwenye bajeti kabla sijakaona. Kakija ni shukrani, kanakaa kanataga au kanaliwa mwaka mpya.

Pesa natoa kwenye simu mara moja. Ushuru wa serikali ule wa 0.5% ni uleule hata utoe kidogo kidogo, lakini ada ya kutoa inaenda kwa viwango, ukitoa elfu ishirini ishirini unalipa ada kila mara, ukijumlisha ni kilo za sukari hizo. Natoa, nagawa kwenye bahasha, ya sokoni, ya maziwa, ya makaa. Bahasha ya ada ya shule haikai nyumbani kabisa, iko kwa dada yangu Jinja, kwa sababu muhula unaanza Februari na shemeji anajua nyumba yangu yote.

Soda, watoto watalia. Kreti moja ya chupa za kioo tarehe 25, chupa nazihesabu zikitoka na nazihesabu zikirudi manake ikivunjika unailipa. Siku zingine ni juisi, maembe Desemba yamejaa na mananasi ya Kayunga yapo. Tatizo juisi nayo inataka sukari, mwaka huu nimemwambia mzee tununue mananasi matamu tuweke maji baridi tu, akaniangalia vile wifi aliangalia meza. Tutaona.

Kikundi chetu cha ng'ombe kinafungua majina Februari wiki ya kwanza, kuna nafasi mbili, waliohama. Kama uko Kireka na unaweza kumvumilia mweka hazina, njoo.