Jani Kavu Kwenye Shimo la 14

Mpira ulikimbia chini kwa chini kama kwale aliyefukuzwa, ukaruka mara moja kana kwamba umekumbuka kuwa kazi yake ni kupaa, kisha ukatumbukia mtaroni. Mwenzangu hakusema neno. Alivua kofia, akachungulia ndani yake, akaivaa tena.

Tulikuwa shimo la 7 la kiwanja cha gofu, na huo ulikuwa mpira wetu wa pili kuzama kwa mkono wangu. Nasema wetu kwa sababu siku ile tulishindana wawili wawili kwa mpira mmoja: mimi napiga, yeye anapiga, kwa zamu, hadi shimoni. Yeye alianzisha mashimo ya namba witiri, mimi ya shufwa. Anayecheza peke yake akiharibu, anajiharibia mwenyewe. Kwenye mchezo huu unaharibu, halafu unasimama kando kumtazama mwenzako akienda kupiga kutoka kule ulikomtupa. Sijui aliyeubuni alikuwa na ugomvi na nani.

Bahati mbaya nyingine ni kwamba mashimo marefu ya kiwanja kile, yaani yale ambayo toka pa kuanzia hadi shimoni ni mbali, yaliangukia karibu yote kwenye namba witiri. Mwenzangu, mpigaji hodari wa draiva, fimbo ndefu ya kuanzia shimo, alikuwa anaupeleka mpira katikati ya feawei, ile njia ya nyasi zilizokatwa, yadi 240 na ushee, unakaa pale mweupe kama yai, unamngoja mtu wa kuuendeleza. Mtu huyo ni mimi, na fimbo mkononi ni wudi namba tatu.

Wudi maana yake ni mbao, lakini mbao yenyewe haimo tena. Zamani kichwa cha fimbo hii kilichongwa kwa mti mgumu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 vilianza kuingia vichwa vya chuma, na jina likabaki kama jina la babu kwa mjukuu ambaye hakuwahi kumwona. Yangu ilikuwa ya chuma, nyeusi, nzuri kuitazama. Nilikuwa na uhasama nayo kwa miaka miwili.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba draiva, fimbo ndefu kuliko hiyo na yenye uso uliosimama zaidi, niliipiga vizuri tu. Fimbo fupi za chuma nazo niliziweza. Ila hii ya katikati! Uso wa wudi namba tatu umelala nyuzi 15 hivi. Ukiwa umeishika, ukautazama mpira chini kwenye nyasi bila kijiti cha kuunyanyua, uso ule unaonekana kama ukuta. Moyo unakwambia: huu hauwezi kupaa peke yake, usaidie. Mpira wenyewe ni kitu kidogo, kipenyo chake kama milimita 43, yaani kitovu chake kimeinuka kutoka ardhini sentimita mbili na kidogo. Hapo ndipo nilipokuwa nataka kupitisha fimbo chini yake, kama mtu anayetaka kumwinua mtoto bila kumwamsha.

Ushauri niliokuwa nimepewa hadi siku ile ungejaza gunia. Mpira uweke mbele zaidi. Uweke nyuma zaidi. Piga taratibu. Piga kwa nguvu, usiogope. Na ule ambao kila mpita njia anao mfukoni: usiinue kichwa. Naomba niseme hapa kwamba sijawahi kuona ushauri uliopunguza makosa machache kuliko huo. Kichwa hakiinuki chenyewe. Kinafuata mwili uliokwisha kuinuka. Kumwambia mtu asiinue kichwa ni kama kumwambia anayeteleza asianguke.

Shimo la 11 nilikosea kwa namna nyingine. Safari hii sikuugusa mpira kwa juu. Nilichimba. Kichwa cha fimbo kiliingia ardhini nyuma ya mpira, mshtuko ukanipanda hadi kwenye kiwiko, na mpira ukajikokota hatua arobaini hivi. Mwenzangu akasema, "Angalau huu tunauona." Nikacheka kwa sababu nisingecheka ningelia.

Kedi aliyenibebea mfuko alikuwa mzee mwembamba, mkimya, mwenye tabia moja iliyokuwa inanikera tangu asubuhi. Kazi ya kedi, pamoja na mengine, ni kuufuata mpira kwa macho ili asije mtu akapoteza nusu saa vichakani. Huyu, kila nilipopiga wudi, alikuwa haangalii mpira ulikokwenda. Mwenzangu na mimi tumekodoa macho mbele, yeye ameinama, mikono magotini, anazitazama nyasi nilipokuwa nimesimama. Kwenye shimo la 7 nilidhani ameona aibu kwa niaba yangu. Shimo la 11 nikadhani ameangusha kitu.

Tulipofika la 14 tukakuta foleni. Ni shimo fupi, na mashimo mafupi ndiyo yanayozalisha foleni, kwa kuwa kundi la nyuma haliwezi kupiga hadi la mbele limalize na kuondoka kwenye grini, ule uwanja wa nyasi fupi unaolizunguka shimo lenyewe. Makundi mawili yalikuwa yanangoja. Mwenzangu akakaa kwenye benchi, akanyoosha miguu, akaanza kusimulia habari ya Gene Sarazen, mchezaji gofu wa zamani wa Marekani. Alikuwa anaipenda habari hiyo, na nadhani aliona nahitaji kutiwa moyo, kwa sababu shimo linalofuata lilikuwa la 15, la mipigo 5, yaani refu, ambalo mchezaji mzuri hutarajiwa kulimaliza kwa mipigo mitano.

Mnamo 1935, kwenye mashindano ya Masters kule Augusta, Sarazen alifika shimo la 15 akiwa nyuma ya Craig Wood kwa mipigo mitatu, na Wood alikwisha kumaliza kucheza. Pigo lake la pili, kutoka yadi 235 hivi, lilivuka maji, likaangukia grini na kubiringika hadi shimoni. Mipigo miwili kwenye shimo la mitano. Pengo lote likafutika kwa pigo moja, na kesho yake wakarudiana mashimo 36, Sarazen akashinda. Mwenzangu hupenda kumalizia kwamba yule bwana aliyepigwa na wudi naye jina lake lilikuwa Wood, halafu anacheka kabla ya wengine.

Mzee alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Alipiga wudi namba ngapi?"

"Namba nne," mwenzangu akajibu.

"Namba tatu hakuwa nayo?"

"Alikuwa nayo. Lakini mpira ulikuwa umekaa vibaya, umebanwa na ardhi, akaona namba tatu haitauinua."

Mzee akanigeukia. Hakusema kitu, alinitazama tu, kisha akaokota jani kavu kando ya benchi, akaja akaliweka kwenye nyasi mbele ya miguu yangu.

"Kijana, huo ndio mpira. Upige."

Nilikuwa na miaka 38, nina mvi kidevuni, lakini kwake nilikuwa kijana. Kanuni zinakataza kupiga mipira ya mazoezi ovyo katikati ya shindano. Kuzungusha fimbo hewani hazikatazi, wala kulipiga jani. Nikachukua wudi, nikasimama, nikazungusha.

Jani halikutikisika. Nyuma yake, kiasi cha kiganja kimoja, nyasi zilikuwa zimelala na vumbi limetifuka.

"Tena."

Tena ikawa vilevile, kiganja na nusu. Mara ya tatu fimbo haikugusa nyasi kabisa, ikapita juu ya jani ikiwa tayari inapanda. Mzee akaninyooshea kidole pale nyasi zilipolala.

"Hapo ndipo fimbo yako inapofika chini. Ikifika chini mapema na ardhi ikaizuia, umechimba, kama la 11. Ikifika chini mapema na ardhi ikaiachia, inaukuta mpira ikiwa inapanda, inaugonga utosini, kama la 7. Wewe unadhani una makosa mawili. Unalo moja."

Miaka miwili. Kila mara nilipougonga mpira utosini, safari iliyofuata nilijaribu kwenda chini zaidi, nikachimba. Nilipochimba, nikajaribu kwenda juu zaidi, nikaugonga utosini. Nilikuwa kama mtu mwenye homa anayevaa koti na kulivua usiku kucha.

Akanishika bega la kulia, akalisukuma kidogo. Nikayumba nyuma. "Umeegemea nyuma kabla hata hujaanza," akasema. "Unataka kuutazama kwa chini. Uzito wako wote uko mguu wa kulia, na fimbo hufika chini pale uzito ulipo." Akaniambia niupeleke mguu wa kushoto, si wote, lakini niusikie, na nikimaliza kuzungusha niwe nimesimama juu ya mguu huo, kifua kimeelekea ninakopiga, kisigino cha kulia kimeinuka. Na mikono niilegeze. Nilikuwa naikaba fimbo kama shingo ya jogoo.

Halafu akafanya jambo ambalo sijalisahau. Aliokota jani la pili, akaliweka mbele ya lile la kwanza, kiganja kimoja kuelekea linakokwenda pigo.

"La kwanza lisahau. Lifagie la pili."

Nikazungusha. Majani yote mawili yakaruka. Hakukuwa na mshtuko kwenye kiwiko. Kulikuwa na sauti tu, fyaa, kama ufagio wa chelewa kwenye sakafu, na nyasi zikalala kuanzia pale pale lilipokuwa jani la kwanza kwenda mbele. Sikuwa nimechimba. Tako la wudi ni pana, limetengenezwa liteleze. Ukilishusha kwa mteremko mdogo tu linapita juu ya ardhi lenyewe. Ule mlalo wa nyuzi 15 niliouona haufai kitu ndio unaouinua mpira, mradi usiuvuruge kwa kutaka kusaidia.

Nilifagia majani hadi zamu yetu ikafika. Mwenzangu aliacha kusimulia. Nikapiga fimbo namba nane hadi pembeni ya grini, tukamaliza kwa mipigo 4. La 14 lenyewe halina la kusimulia.

Shimo la 15 mwenzangu akapiga draiva moja ndefu, nzuri, akanipisha bila kunitazama usoni. Mpira ulikuwa umekaa kwenye feawei, ila si mahali pazuri: nyasi zimechakaa, ardhi ngumu, mpira umejibandika. Kutoka hapo hadi grini zilibaki yadi 215. Nikanyoosha mkono kuchukua namba tatu. Mzee alikwisha kuifunika soksi yake na kuitia mfukoni, na mkononi alikuwa ameshika namba tano.

"Hii haifiki," nikamwambia. Wudi namba tano uso wake umelala nyuzi 18, na mpini wake ni mfupi kidogo. Mimi ikinikubali sana naipeleka yadi 195.

"Na ile ya mtaroni ilifika?"

Nikachukua namba tano.

Niliusogelea mpira hadi ukawa ndani kidogo ya kisigino cha kushoto, si mbele kabisa kama wa draiva, si katikati kama wa fimbo za chuma. Nikausikia mguu wa kushoto. Nikatafuta mbele ya mpira, kiganja kimoja, nikaona ua dogo la njano lililoponea kwenye mashine ya kukatia, nikaamua hilo ndilo jani la pili. Mpira sikuufikiria tena. Nikazungusha.

Fyaa.

Kwa wanaotaka kujua hesabu: mpira ulianguka hatua kama kumi na tano kabla ya grini, mwenzangu akausogeza hadi mita moja na nusu kutoka shimoni, na mimi, mbele ya makundi mawili yaliyokuwa yameketi kivulini, nikaukosa huo wa mita moja na nusu. Tukaandika 5. Mwisho wa siku tulikuwa wa tatu kutoka mkiani, na mwenzangu aliniambia njiani kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa na huzuni ya kawaida tu.

Lakini hayo nimeyarukia. Fimbo iliposimama begani nilibaki vile vile, juu ya mguu wa kushoto, nikisikia mwenzangu akisema "lo!" kwa sauti ya chini. Nikageuka kumtafuta mzee. Alikuwa amechuchumaa tayari. Nikachuchumaa karibu naye. Alama ilikuwa nyembamba, ndefu kama kidole, udongo haukuonekana, nyasi zimenyolewa tu, na ilianzia mbele ya mahali mpira ulipokuwa. Lile ua la njano halikuwepo.

Tukaitazama kwa muda, yeye na mimi, kama watu wawili wanaosoma barua moja. Kisha nikakumbuka kwamba kulikuwa na mpira.

"Umeangukia wapi?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Sikuutazama."