Habari gani? Umoja! Tuache kuwacheka hawa watu

Jamani leo niandike hili maana limenikaa rohoni muda mrefu, na kila ikifika Desemba linarudi kwenye magrupu yetu ya WhatsApp ya wabongo wa huku Ohio, Marekani. Mtu anatuma video ya Wamarekani weusi kwenye sikukuu yao ya Kwanzaa, wamevaa vitenge, wanawasha mishumaa saba, wanatamka "kujichagulia" kwa shida, alafu chini yake ni kucheka tu, eti ona hawa wanajifanya Waafrika, hicho nacho Kiswahili. Na mimi nilikuwa nacheka, tena video nyingine nilizituma mwenyewe. Nimeacha na nataka niseme kwa nini nimeacha.

Mimi naishi Columbus, nilikuja kwa bahati nasibu ya grini kadi, kazi yangu ni kuhudumia wazee, shifti ya usiku. Kazini kuna mama mmoja mweusi wa hukuhuku, miaka 60 na kitu, ndo alinifundisha namna ya kumgeuza mzee mzito kitandani bila kuumia mgongo, na nilivyokuwa sijanunua gari alikuwa ananipitisha nyumbani asubuhi kwenye baridi bila kunidai hata senti ya mafuta. Siku ya pili ya Krismasi tupo kazini akaniambia "Habari gani?" Nikafurahi, nikajibu nzuri mama. Akanyamaza kama anasubiri kitu. Nikarudia, nzuri sana. Akatikisa kichwa akaniambia taratibu kama mwalimu wa chekechea, hapana mwanangu, leo tarehe 26, jibu ni umoja.

Mi nilicheka. Mtu ananisahihisha Kiswahili changu! Nikampigia mshkaji wangu kumhadithia tukacheka wote. Yule mama alinisikia, hakuelewa maneno ila kucheka anakujua, akainama akaendelea kukunja mashuka.

Kwa ambao hamjui, Kwanzaa ilianzishwa na Maulana Karenga, mwanaharakati Mmarekani mweusi, kule California mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya ghasia za mtaa wa Watts Los Angeles ambako watu 34 walikufa. Inaanza 26 Desemba mpaka 1 Januari, siku saba, kila siku na nguzo yake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Wanaita Nguzo Saba hivyohivyo kwa Kiswahili. Mtu akikuuliza habari gani unamjibu kwa nguzo ya siku hiyo. Jina lenyewe limetoka kwenye "matunda ya kwanza", a ya mwisho waliiongeza ili herufi ziwe saba. Mezani wanatandika mkeka, juu yake kinara, mshumaa mweusi mmoja katikati, mitatu myekundu na mitatu ya kijani.

Sasa hoja yetu siku zote ni ile ile, babu zao walichukuliwa Afrika Magharibi na Angola huko, Kiswahili kinawahusu nini? Nilimwuliza yule mama siku nyingine, maana nilishaanza kuona aibu kidogo. Hakukasirika. Akaniuliza wewe kabila gani, nikasema Mpare, akaniuliza babu wa babu yako unamjua jina, nikamtajia. Akasema yeye ametafuta kwenye kumbukumbu za serikali miaka na miaka, akafika kwenye sensa ya 1870 akamkuta babu wa bibi yake kaandikwa jina, nyuma ya hapo hakuna kitu, kwa sababu kwenye sensa ya 1860 watumwa waliandikwa umri, jinsia na rangi tu chini ya jina la bwana wao. Yani mwanaume, miaka 9. Basi. Akasema, unataka nichague lugha ya kabila lipi wakati kabila langu walilifuta? Tulichagua lugha ambayo watu wa makabila mengi wanaongea pamoja, na nchi yako ndo ilikuwa inatupa moyo wakati huo.

Hapo nikakosa la kusema. Na ni kweli jamani, miaka ile Dar ndo ilikuwa inaangaliwa. Malcolm X, yule mpigania haki za weusi wa Marekani, alifika Dar es Salaam Oktoba 1964 akaonana na Nyerere. Mwaka 1974 mkutano wa sita wa Pan-Afrika ulifanyika Dar, ukumbi wa Nkrumah pale Chuo Kikuu, Wamarekani weusi wakaja kwa wingi. Neno "ujamaa" walilichukua kwetu wakati sisi wenyewe tunaliamini. Sisi tumeliacha, wao mpaka leo kila 29 Desemba wanaliwashia mshumaa, alafu sisi ndo tunawacheka kwamba wanaigiza!

Pale kazini kuna jamaa mmoja mzungu, si mtu mbaya, tunaongea vizuri tu, lakini kila mwaka lazima alalamike, kwa nini weusi wanataka sikukuu zao peke yao, mara Kwanzaa, mara hii Juneteenth ya Juni 19, ya kukumbuka mwisho wa utumwa, ambayo Rais Biden aliifanya ya kitaifa 2021, eti zinagawa nchi. Mwanzo nilikuwa naitikia tu, mgeni utasemaje. Siku hizi namjibu. Namwambia wewe ukoo wako ni Waitaliano, na mnagombania Siku ya Columbus, yule baharia Christopher Columbus, isifutwe, hebu tuongee ilianzaje. Mwaka 1891 New Orleans umati wa watu ulivunja jela ukaua Waitaliano 11, wengine mahakama ilikuwa imeshawaachia. Waitaliano wakati huo walikuwa wanaitwa wachafu, wauaji, watu wa mafia, magazeti yanaandika hivyo wazi. Mwaka uliofuata Rais Benjamin Harrison akatangaza kuadhimisha miaka 400 tangu Columbus avuke bahari, na Waitaliano wakaishikilia hiyo siku kwa mikono miwili maana iliwapa cha kusema, na sisi ni watu wa nchi hii. Sasa huyo Columbus mwenyewe aliwafanyia wenyeji unyama, na ndo maana hapa mjini kwetu sanamu lake lililokuwa mbele ya ofisi za jiji, zawadi ya watu wa Genova, Italia, toka 1955, liliondolewa Julai 2020. Mi sitaki lirudi. Ila naelewa kwa nini babu zake yule jamaa walilihitaji. Nilichomwambia ni kwamba watu wanaopigwa ndo wanatafuta sikukuu, na mama yetu huyu na babu yako walikuwa wanatafuta kitu kimoja. Alikaa kimya, alafu akaniuliza hayo ya New Orleans nimesoma wapi. Alikuwa hayajui.

Na Waairishi hivyohivyo. Machi 17 mji mzima unavaa kijani kwa ajili ya Mtakatifu Patriki, hakuna anayesema wanagawa nchi, lakini miaka ya 1850 kulikuwa na chama kizima cha siasa kilichojengwa kwenye kuwachukia wahamiaji Wakatoliki kama wao. Alafu sikiliza hii maana inatuhusu sisi moja kwa moja: bahati nasibu ya grini kadi, sheria yake ni ya 1990, na wabunge walioisukuma walikuwa wanawafikiria Waairishi waliokuwa wamejaa Boston na New York bila makaratasi. Ilipoanza rasmi 1995 Waafrika tukaingia kwa mlango huo huo. Mimi nimo humu kwa sababu Muairishi alidharauliwa akapigania watu wake.

Lakini kabla ya huo mlango kulikuwa na mwingine mkubwa zaidi na huo waliufungua weusi. Toka 1924 sheria ya uhamiaji ya Marekani ilikuwa inagawa nafasi kwa asili ya mtu, Uingereza na Ujerumani maelfu kwa maelfu, nchi za Afrika unakuta nafasi 100 kwa mwaka. Watu wakaandamana, wakapigwa marungu, wakang'atwa na mbwa wa polisi kule Birmingham, Alabama, wakapata sheria ya haki za kiraia 1964, sheria ya kupiga kura Agosti 1965, na Oktoba 3 mwaka huohuo Rais Johnson akasaini ile ya kufuta ubaguzi kwenye uhamiaji. Zimefuatana, haikuwa bahati mbaya, nchi ilikuwa imeshikwa kooni na wale waandamanaji, isingeweza kuendelea kusema watu wote sawa alafu mlangoni inachuja kwa rangi. Sasa sisi tumepita, tumefika, tumepata shifti, wiki mbili tu mtu anakwambia kwenye grupu usipange nyumba upande ule kuna weusi wengi, weusi wa huku wavivu, sisi tumekuja kutafuta. Naandika haya nikikumbuka kabisa na mimi niliyasema, nilimwambia mdogo wangu alivyokuja.

Na sitaki kudanganya kwamba na wao hawatuumizi. Mwanangu darasa la nne alirudi nyumbani analia, mtoto mweusi mwenzake kamwambia ananuka Afrika, arudi akaishi na nyani. Nililala na hasira siku tatu. Wapo wanaotuambia usoni tumekuja kuwashushia mishahara, na ukiangalia kazi tunazokubali kufanya kwa hela ile, kuna ukweli ndani yake unaouma. Sina dawa ya hilo.

Kilichonibadilisha moja kwa moja ni Septemba 2024. Mnakumbuka ile tarehe 10, Trump kwenye mdahalo na Kamala Harris akasema Wahaiti wa Springfield wanakula mbwa na paka za watu. Springfield ni hapa jirani, mwendo wa saa moja hivi kutoka Columbus. Hakuna aliyethibitisha hata mbwa mmoja. Lakini ndani ya siku chache vitisho vya mabomu zaidi ya 30, shule zinafungwa, watoto wanatolewa madarasani. Na kabla ya hapo, Agosti 2023, dereva Mhaiti aligonga basi la shule, mtoto wa miaka 11 akafariki, na wanasiasa wakalishika hilo jina la mtoto kama bendera mpaka baba yake akasimama mbele ya baraza la mji akawaomba waache, akasema mwanangu hakuuawa, ilikuwa ajali. Mtu amezika mtoto, bado anawatetea wageni. Ile video niliitazama peke yangu kwenye gari nikashindwa kuwasha injini.

Wiki ileile narudi kutoka Dayton na mke wangu, tukasimama kuweka mafuta. Kuna pikapu ikapunguza mwendo, jamaa akashusha kioo akapiga kelele, rudi Haiti, mla paka. Mke wangu alikuwa ndani na mtoto. Mimi mkono uko kwenye mpira wa mafuta nashindwa nijibu nini, nimwambie mi sio Mhaiti? Hilo ndo lilikuja kichwani kwanza, na likanitia aibu hapohapo, kama vile ningekuwa Mhaiti ingekuwa sawa. Pikapu ikazunguka ikarudi. Pampu ya pili kulikuwa na mzee mmoja mweusi, suti ya kanisani, wala hatujuani. Akaacha gari lake, akaja akasimama kati yangu na ile pikapu, mikono kaiweka mfukoni, hakusema neno. Wakamwangalia, wakaondoka. Akabaki palepale mpaka nikamaliza kujaza, akaniambia nenda, mimi niko nyuma yako, na kweli alitufuata mpaka barabara kuu ndo akawasha taa mara mbili akakata kushoto. Hakuniuliza natoka nchi gani.

Desemba ile nilimfuata yule mama nikamwambia samahani kwa kile kicheko. Akasema kicheko kipi. Alikuwa anakikumbuka vizuri, nilimwona machoni. Alafu akaniambia tarehe 28 njoo, leta watoto.

Ilikuwa ukumbi wa chini wa kanisa, viti vya kukunja, kama watu 40, kuku wa kukaanga, wali na kunde, watoto wanakimbizana chini ya meza. Kinara kilikuwa cha mbao, kimechongwa na marehemu mume wake, kimeinama kidogo upande mmoja wameweka kadibodi chini kisianguke. Mishumaa mitatu ikawashwa. Wakaniita mbele nieleze neno la siku kwa watoto, wananiangalia kama mimi ndo mwenye lugha. Nikawaambia kwetu Same, mlimani, kuna msaragambo. Mbiu ikilia asubuhi kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnaenda kuzibua mfereji wa maji na kutoa tope kwenye ndiva, lile bwawa la kienyeji, ambaye hajaja hapati zamu ya maji. Nikawaambia bibi yangu alikuwa anaenda mpaka alipofika miaka 70 hivi, hawezi tena kubeba tope, anabeba ndizi za kuwapikia wanaochimba. Watoto wakauliza maswali mpaka chakula kikapoa, huyu anataka kujua tope lina vyura, huyu anauliza kama bibi alikuwa analipwa.

Nikiwa nafunga jaketi la mwanangu pale mlangoni, kikaja kibinti cha miaka sita hivi, kikanivuta shati, "Habari gani?"

Nikamjibu, "Ujima."