Nilivyokipa kichujio cha matusi sarufi ya Kiswahili

Programu niliyokuwa naitunza ilipokea maandishi ya watumiaji kupitia milango mitatu: jina la akaunti, maelezo ya bidhaa anayouza mtu, na fomu ya malalamiko. Nilipokabidhiwa kazi ya kudhibiti lugha chafu nilikuta kichujio kipo tayari. Kilikuwa na orodha ndefu ya matusi, mengi ya Kiingereza, na kanuni moja tu: mfuatano huu wa herufi ukionekana popote, kataa.

Kwa Kiswahili kanuni hiyo ni balaa. Kuna tusi la herufi nne, nisiloona haja ya kuliandika hapa, ambalo ndilo linaloanza vitenzi "kumaliza" na "kumaanisha". Mtu akiandika kwamba anauza mashine yake baada ya kumaliza kazi, anakataliwa wala haambiwi kisa. "Senge" imo ndani ya "kusengenya", "fala" imo ndani ya "falaki", "tako" imo ndani ya "utakokwenda", na aliyeingiza shina "kundu" kwenye orodha alikuwa amepiga marufuku kila kitu chekundu. Watengenezaji wa programu huliita hili tatizo la Scunthorpe, kwa sababu mwaka 1996 wakazi wa mji huo wa Uingereza walishindwa kufungua akaunti za AOL, kampuni ya huduma za intaneti. Kichujio kiliona tusi katikati ya jina la mji wao. Wao walikwama kwenye jina la mji. Sisi tunakwama kwenye viambishi.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kulinganisha neno zima badala ya kipande. Inasaidia nusu. Ukiorodhesha "mpumbavu", watapita wapumbavu, kipumbavu, jipumbavu na majipumbavu. Kwa hiyo niliitupa ile orodha, nikaandika ya mashina, kila shina na viambishi vyake, huku mwanzo na mwisho wa neno vikiwa vimefungwa. Ruwaza ya shina moja ilikuwa hivi (^ ni mwanzo, $ ni mwisho, | ni "au", na ? ni "si lazima kiwepo"):

^(m|wa|ki|u|ji|maji)?pumbavu$

Mwenzangu alipendekeza seti moja ya viambishi itumike kwa mashina yote, ili kazi iwe nyepesi. Nilikataa, na mpaka leo naona nilikuwa sahihi. Shina "kundu" linakubali "m" na "mi" mbele yake, lakini halitakiwi kamwe kukubali "nye", "mwe" wala "che". Seti moja kwa wote ingeturudisha kwenye rangi nyekundu. Matusi ya kumtukania mtu mama yake nayo huandikwa yameshikana kama neno moja, kwa hiyo yaliandikiwa ruwaza zake. Orodha mpya ilikuwa fupi sana kuliko ya zamani na ilinasa mengi zaidi.

Kabla ya kulinganisha, maandishi husafishwa, na hapa ndipo watukanaji huonyesha ubunifu wao wote. Mmoja anaandika "mpumb4vu", mwingine "m p u m b a v u", wa tatu anachomeka kati ya herufi alama isiyo na upana ya Unicode (mfumo unaoipa kila herufi namba yake), U+200B, ambayo jicho haliioni. Wapo wanaotumia "а" ya Kisiriliki, U+0430, inayofanana kabisa na "a" yetu. Kusawazisha kwa NFKC, kanuni ya Unicode ya kuzipa umbo moja herufi zinazoandikwa kwa namna tofauti, hakuigusi hiyo. Lazima uwe na jedwali la herufi zinazofanana. Tarakimu nilizigeuza herufi pale tu zilipokuwa ndani ya neno lenye herufi nyingine, la sivyo bei na namba za simu zingegeuka vioja. Herufi zilizoachwa zimetawanyika moja moja niliziunganisha zikifuatana kuanzia nne. Zilizorudiwa zilibanwa kuwa moja, lakini kwenye nakala ya kulinganishia tu, maana ukibana maandishi yenyewe "saa" inakuwa "sa" na "kufaa" inakuwa "kufa". Na usifute kila alama ya uandishi: "ng'ombe" anahitaji kile kikoma chake cha juu, ambacho baadhi ya simu hukiandika kwa alama nyingine, U+2019.

Tusi likishanaswa, lifanywe nini? Sikutaka programu ibadilishe maneno ya watu. Mwaka 2008 tovuti moja ya habari ya Marekani ilikuwa na kibadilishi kilichogeuza "gay" kuwa "homosexual", na mwanariadha Tyson Gay akachapishwa kama "Tyson Homosexual". Kwetu uamuzi ulitegemea mlango. Jina la akaunti lilikataliwa papo hapo, na mtumiaji akaambiwa wazi kwamba jina limekwama kwenye ukaguzi wa lugha, achague jingine. Maelezo ya bidhaa yalishikwa yasionekane mpaka mtu ayapitie.

Fomu ya malalamiko ndiyo iliyotugombanisha. Mama mmoja aliandika kwamba mnunuzi amemwita malaya, akanukuu ujumbe wote. Kichujio kilimzuia yeye! Aliyetukanwa ndiye aliyefungwa mdomo. Wapo waliosema kanuni ni kanuni. Mimi nilishikilia kwamba mlango huo usizuie chochote. Kichujio kiweke alama tu, ili mpitiaji ajue kabla ya kufungua kwamba ndani mna lugha kali. Ikapita hivyo.

Baadaye tulijaribu modeli ya kujifunza kwa mifano, iliyokata maandishi katika vipande vya herufi 3 hadi 5. Vipande hivyo vinaifaa lugha ya viambishi, kwa kuwa shina linaonekana hata likibadilishiwa kichwa. Kazi ngumu ilikuwa kuweka lebo. Watu wawili wanasoma "shoga yangu, bei gani ya mwisho?" na mmoja anaona tusi, mwingine anaona marafiki wawili wa kike wakipatana bei. Sentensi walizotofautiana hatukuzitumia kuifundisha modeli. Nayo hairuhusiwi kukataa kitu. Kazi yake ni kupanga foleni ya wapitiaji, yenye shaka kubwa itangulie.

Mafumbo hayanaswi. Mtu anaweza kumvua mwenzake nguo hadharani kwa maneno ambayo ungeyasoma msikitini au kanisani, na hakuna ruwaza itakayoshtuka. Hayo tumewaachia watumiaji na kitufe cha kuripoti.

Kinachonipa usingizi ni faili la maneno safi: kumaliza, falaki, nyekundu, utakokwenda, kusengenya, Kimalayalamu (lugha ya India) na mengine mengi yaliyowahi kuonewa. Shina jipya likipendekezwa, hasa haya ya vijiweni yanayozaliwa kila msimu, linapitishwa kwanza kwenye faili hilo. Likigusa hata neno moja, halipokelewi mpaka aliyelileta aandike viambishi vyake upya.